Supu ya Arobaini Yako

Barra Cangrejo, Honduras

Mpendwa dada yangu Marbelí,

Pokea salamu za nyumba nzima. Hujambo na huo mzigo wako? Miguu bado inavimba? Sisi hatujambo, ila mvua haikatiki, na mto kila ukijaa unatutapikia takataka za nchi nzima hapa mlangoni.

Umesema unakuja kujifungulia nyumbani, unywe supu ya samaki wa Baba arobaini yote, kama marehemu Mama alivyokunywa alipotuzaa. Baba kusikia hivyo alicheka hadi akakohoa. Akawatangazia majirani kwamba supu ya kuku ni ya wazazi wa milimani, binti yake yeye Eusebio hurudishiwa nguvu na samaki changu!

Basi akaanza kukukaushia samaki. Unamjua: anaminya tumbo, likiwa gumu anasema huyu kashiba, ni wa Marbelí; likiwa laini anauza. Mpasuaji ni mimi. Dada wee! Hao walioshiba ndio waliokonda kuliko wote. Utumbo umefura, mwekundu, una vidonda, na ndani hamna dagaa wala kamba. Ni vichembe vya plastiki, vya buluu na vyeupe, vidogo kama chenga za mchele, vimeshikamana na nyuzi za nyavu. Samaki wanakufa njaa na matumbo yamejaa.

Nilipomwonyesha Baba alinikaripia, akasema nimepasulia mchangani kama kipofu, uchafu umeingia huko. Akashika kisu mwenyewe. Akapasua mmoja, akapasua mwingine, mpaka ndoo ikaisha. Jirani yetu Chepe akamtania kwamba siku hizi mzee anavua ndoo na mabeseni. Baba akakiosha kisu, akaingia ndani jua lingali juu. Hapo nikaogopa, maana lini umemwona Baba akiacha pwani mapema?

Sasa nikwambie alilonikataza. Ameniagiza nikuandikie kwamba mashua inavuja, ndiyo maana hatakuwa na samaki. Mashua ni nzima, dada. Jumapili alipanda milimani peke yake, akarudi na kuku ndani ya kapu lake la samaki. Anawafuga mle mle kwenye mashua, kawafunika na wavu. Kila asubuhi anawaminya matumbo mmoja mmoja, kisha anakaa kuwatazama. Roho inaniuma.

Njoo tu. Ila akikuletea bakuli, nakuomba usimuulize habari za samaki. Kunywa, umwambie ni tamu.

Msalimie sana shemeji, na umpapase mtoto tumboni kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Nohelia