Suruali Tulizozikata

Nyumbani, kando ya cherehani,
Jumapili, 14 Aprili.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Na lile jino, umeling'oa au bado unaliogopa? Sisi wazima, ila joto limetuhamishia sakafuni kulala.

Uliniomba nimwangalie dada yako tangu kaka Twiga ajeruhiwe jeshini na kukatwa mguu chini ya goti. Kwenye simu niliitikia, halafu nikashikwa na woga. Unanijua, mimi hata chumvi dukani naiomba kwa kunong'ona. Shuleni nimefundishwa kutoa pole kwa lugha mbili, lakini nikimwona mama, maneno ya lugha zote mbili yananikimbia.

Kwa hiyo nilikuwa nakaa naye tu. Cherehani alikuwa ameifunika shuka, wateja anawaambia warudi wiki ijayo. Mimi nikaleta kigoda, nikawa namtilia uzi kwenye sindano, ashone asishone.

Siku moja akaifunua mwenyewe, akatoa suruali zote za kaka. Hakutaka mwanawe aje ahangaike kukunja mguu wa suruali na kuubana kwa pini. Akashika mkasi, akauweka chini.

"Kata wewe, mwanangu. Mkono wangu unakataa."

Nikakata, yeye akapinda. Na mchana huo alikula, Mama Mdogo, na akaongeza!

Basi juzi kaka akarudi. Kumbe alituficha jambo: kashuka garini bila magongo, kasimama wima, mguu mmoja wa bandia. Mama alimkumbatia akalia, suruali tukazisahau kabisa. Asubuhi yake tukasikia sauti ya kaka kutoka chumbani, penye kabati la nguo:

"Mama! Nani humu ndani kanikata mguu mara ya pili?"

Akatokea sebuleni, suruali upande mmoja imeishia gotini, chuma kinang'aa, anatembea kwa maringo kama bwana harusi. Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Nikamtazama mama. Mama alicheka mpaka akakaa chini, akajifuta machozi kwa tepu ya kupimia iliyokuwa shingoni. Tangu habari zile zije sikuwa nimekisikia kicheko hicho.

Unajua dada yako hatupi kitambaa. Vipande vyote alivihifadhi kwenye mfuko, na sasa anavirudisha kimoja kimoja, anatia na zipu gotini ili kaka avue mguu bila kuvua suruali. Mama anataka mshono usionekane. Kaka anataka uzi mwekundu. Wanabishana hadi majirani wameanza kuchagua upande! Usishangae mwandiko kupinda. Naandikia kwenye meza ya cherehani, na haitulii.

Nisalimie baba mdogo na wadogo zangu wote. Mungu awafunike kwa wema wake.

Naishia hapa, mama ananiita nimtilie uzi. Ni mwekundu.

Mwanao anayekupenda, japo kwa kunong'ona,
Mtia Uzi