Marehemu Alishakubali

Baba Elia, shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ningeanzaje kukuandikia bila kukuamkia? Ungesema mtoto wa Ugweno kashuka Same akasahau adabu.

Naogopa. Nasema mapema kabla sijaanza kuzungukazunguka, maana ulikuwa ukinikatisha: "Nakundwa, njoo kwenye jambo." Jambo ni hili. Ofisini sasa mimi ndiye ninayekubali au kukataa miradi ya maji badala yako.

Ulipokuwepo hatukuhitaji utaratibu wowote. Kikundi kikitaka kukarabati ndiva yao ya kumwagilia, ulipanda mlimani, ukasimama juu ya ukuta wa lile bwawa, ukatazama mfereji unakoelekea, ukakaa kimya mpaka watu wakaanza kukohoa. Kisha ukasema, "Haya, chimbeni," au ukaomba chai. Ukiomba chai tulijua hakuna mradi. Nilikuwa nacheka sana safari za kurudi.

Tangu tukuzike, kila anayeingia ofisini anasema, "Marehemu alishakubali." Mfereji huu, marehemu alishakubali. Tangi lile, marehemu alishakubali. Nani ambishie marehemu? Tukawa tunaitikia tu. Kazi ulizozipitisha ukiwa kaburini, Baba Elia, zinaelekea kuzidi zile za uhai wako. Mwishowe tangi moja likapasuka, maji yakaingia jikoni kwa bibi mmoja. Bibi alikuwa shambani, Mungu ashukuriwe. Mimi tangu siku hiyo mvua ikianza tu, moyo unanienda mbio.

Mkurugenzi akaniambia nitengeneze utaratibu mwepesi, ambao mwenyekiti wa kikundi anaweza kuwaeleza wenzake kwa mdomo. Nikautengeneza. Mmoja wetu aende akaone. Wanaoishi chini ya bwawa waulizwe, si wanaomwagilia peke yao. Kisha mtu mwingine, ambaye hakwenda, asome yaliyoonekana na aseme ndiyo au hapana kwa jina lake. Nilidhani huyo wa mwisho atakuwa mkurugenzi. Kumbe nilikuwa najichimbia shimo mwenyewe!

Na ombi la kwanza limetoka kwenu. Wanataka kuinua ukuta wa ndiva kabla ya mvua, na mwenyekiti wa kikundi ni Mama Elia. Alikuja mwenyewe, bado amevaa nguo nyeusi. "Nakundwa mwanangu, mume wangu alishakubali. Msaragambo umeshatangazwa, Jumamosi baragumu linalia. Wewe gonga muhuri tu, mama." Unaujua msaragambo. Baragumu likishalia, kijiji kizima kinatoka na majembe, na hakuna atakayerudi nyumbani kwa sababu ya karatasi ya mtu wa Same.

Mwenzangu Mbwambo alikwenda kuona. Anasema ukuta unatoa maji upande wa chini, na udongo ukiukanyaga unabonyea. Nilimuuliza tena kama ana hakika, nikitumaini atasema hana. Nyumba ya kwanza chini ya ukuta huo ni yako. Elia na wadogo zake wanalala humo.

Naogopa kusema ndiyo. Naogopa kusema hapana vilevile, maana mahindi yakikauka watanitaja mimi. Naogopa macho ya Mama Elia, aliyenipikia makande wiki niliyoanza kazi, sijui hata pa kulala. Na zaidi ya yote naogopa kwamba labda kweli ulikubali. Labda ulisimama pale ukaona kitu ambacho mimi na Mbwambo hatukijui. Ungekuwepo ningekuuliza tu. Ungekuwepo... basi.

Mchana huu nimeandika hapana. Jina langu nililikosea, ikabidi niliandike upya. Kesho Ijumaa napanda bodaboda nikamwambie Mama Elia mwenyewe, nyumbani kwake, ili msaragambo uahirishwe. Akinifukuza nitakaa nje ya ua mpaka anisikilize.

Pumzika, baba yangu. Nakuahidi sitawaacha hapo. Nitapanda na kushuka mpaka ukuta ule ubomolewe na kujengwa upya kuanzia chini, nami nitabeba mawe pamoja nao kama watanikubali. Lakini kama kweli ulishasema ndiyo, basi niliyemkatalia leo ni wewe. Nisamehe. Sitaki wanao wakufuate huko.

Nakundwa