Mswaki wa Kijani Umepatikana

Binamu Sele,

Kwa heshima na taadhima, ndugu, jamaa na watani wote wa Kibiti, Ikwiriri na Mohoro wanatangaziwa kupatikana kwa mswaki mmoja wa kijani, mzee, kibogoyo, uliotoweka gerejini kwako enzi za kuvuka mto kwa pantoni. Uko salama. Aliyeutumia ndiye hayuko sawa.

Nianze na matusi, maana siku ya mazishi yako sikuyatoa. Watani wenzangu walijilaza njiani jeneza lisipite, wakaigiza mwendo wako wa bata aliyevalishwa viatu. Mimi, mtani wako wa damu, nilisimama na jembe kama nguzo ya umeme. Watu wakanong'ona, "Hamisi kaumia sana." Ngoja usikie kilichoniuma.

Basi pokea. Fundi gani wewe? Mikono ya mkunga, sura ya mtu aliyekunywa dizeli! Magari ya Kijapani ya mtumba yalipoanza kumiminika, wenzako waliyagonga nyundo kama walivyozoea kugonga Landrova. Wewe ukayaogopa kama wakwe. Hizo sensa, vile vidude vinavyoipa injini habari za hewa na joto, ulikaribia kuzipigia hodi. "Zima swichi kwanza, Hamisi. Shika soketi, usivute waya. Na maji usimwage hapo, haziogi hizo!" Nikakucheka. Mimi, niliyesomea ufundi kwa kukushikia spana.

Sasa daraja la Ndundu lipo, na kila mwenye spana mbili Kibiti ana kibao cha gereji. Wanaosha injini kwa ndoo, wanang'oa waya wasiyoielewa, halafu wanasema gari lina jini. Juzi nimemkuta mmoja anapuliza sensa kwa mdomo kama uji wa moto. Nikamdharau mpaka raha. Kisha nikakumbuka kwamba kwa ujinga huo, mimi ndiye babu yao.

Unaikumbuka pikapu ya Mzee Athumani wa Mohoro. Mpaka leo watu wanasema uliiua wewe. Pale kaburini, tulipoombwa tukusamehe, yeye alipaza sauti: "Mimi lile gari langu nimemsamehe." Watu wakamshukuru. Mimi nikashindwa kutania, nikashindwa hata kulia vizuri.

Sasa utani basi.

Gari lile lilikuja kwa breki tu. Ulikwenda kuswali adhuhuri, ukaniambia nisubiri. Nikaona bomba la hewa limejaa vumbi la barabara ya Ruaruke, nikataka urudi ukute na mimi ni fundi. Nikafungua sensa ya hewa. Ndani mna kiwaya chembamba kama unywele. Nikachovya mswaki kwenye petroli, nikakisugua kama jino. Kikakatika. Nikarudisha kila kitu mahali pake, nikautupa mswaki nyuma ya matairi, nikakaa nikanywa chai.

Ulimaliza breki, mwenyewe akaondoka nalo. Likatoa moshi mweusi, likakosa nguvu, likazimika kwenye foleni ya pantoni, mchele wa watu uko juu. Likarudi likivutwa kwa kamba. Ulilifungua peke yako, ukatoka ukipangusa mikono. Mzee Athumani akakukaripia mbele ya soko zima: "Rudi kwenye Landrova zako!" Nawe ukajibu, "Nisamehe mzee, limeharibikia mikononi mwangu." Magari ya Mohoro hayakuja kwako tena. Mimi nikatikisa kichwa, eti nakuhurumia.

Miaka yote nilidhani hujui. Wiki iliyopita shemeji Zuhura kanipa sanduku lako la spana. Chini kabisa, ndani ya kitambaa safi, mswaki wangu, na ile sensa pamoja nao. Ulinitania kwa upara, kwa tumbo, kwa mke aliyenikimbia. Kwa hilo, hata siku moja. Mpumbavu mkubwa wewe, Sele. Ungenitukana mara moja tu yakaisha!

Ijumaa tukitoka msikitini nakwenda Mohoro, mswaki mfukoni. Nitamwambia Mzee Athumani mbele ya watu wake, kama alivyokusema wewe mbele ya watu. Achukue msamaha wake, hukuwa na haja nao. Akipenda anipe mimi, asipopenda basi.

Lala, binamu. Mungu akupanulie nafasi, kwa mwendo ule wa bata utaihitaji.

Mtani wako,
Hamisi