Mstari Chini ya Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Neema hakulala, meno. Mimi pia sikulala. Asubuhi nimemsugua Mayunga uso mpaka akalalamika: "Mama, mimi si sufuria." Nimecheka kwa mara ya kwanza tangu juzi. Shati lake la shule lilikuwa bichi kwa mvua, nimelipiga pasi ya mkaa likafuka mvuke. Amelivaa hivyo hivyo, akaenda.

Genge sikufungua. Nimembeba Neema mgongoni, nimekwenda ofisi ya ustawi wa jamii kufuata barua ya ulezi. Bila barua Mayunga haingii kwenye bima ya Baba Neema. Kifua chake kikibana, nabaki kukopa huku namwambia avute pumzi taratibu. Nimechoka na hilo.

Getini mlinzi amenisogezea kitabu cha wageni. Jina, unakotoka, simu, sababu ya kufika, sahihi. "Kwenye sababu andika vizuri, mama. Usiweke kistari tu." Mimi nikiambiwa andika, naandika. Nimeandika: *Barua ya kumlea Mayunga, mtoto wa marehemu dada yangu Kabula.*

Afisa ni dada mdogo tu, kama mimi. Alifunga mlango. Akarudisha dirisha. Akauliza kwa sauti ya chini, kama tuko msibani. Alipomaliza aliliweka faili kwenye kabati la chuma, akapiga kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Nikasema moyoni, hapa siri inakaa.

Maana Mayunga hajui. Dada alifariki mtoto hajaanza hata kutambaa. Nikamchukua, nikiwa msichana tu niliyemaliza kidato cha nne. Kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako, hakuna wa kukuuliza. Nilisema nitamwambia akijua kusoma. Anajua kusoma. Sasa nasema akifika darasa la tatu.

Wakati natoka nimekutana getini na jirani yangu, Mama Sele. "Shoga, na wewe huku?" Nikasema nimeulizia chanjo ya Neema. Yeye akasema anampitia mdogo wake. Tukaagana.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Nyanya zinaoza chini, juu zinang'aa. Nazigeuza kutwa.

Bombani leo. Mama Sele mbele ya watu wote: "Hongera, mwenzangu! Kulea wa mwenzio si mchezo. Na unavyomfokea, mtu atasema umemzaa wewe!" Wamecheka. Kwake ulikuwa utani. Mwingine akasema, "Ndiyo maana hawafanani." Mwingine akasema wanafanana, masikio.

Ndoo haikujaa. Nimeondoka nayo nusu.

Nani kasema? Mtaa huu tumehamia, hakuna anayetujua tangu zamani. Anajua mama yangu, aliye kijijini Kigwa. Anajua Baba Neema. Na ofisi.

Ofisi! Yule dada na ufunguo wake shingoni. Nimeichukia ile kamba.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempigia Baba Neema. Yuko Kaliua na lori la tumbaku. Amesema, "Puuza." Kule aliko anapuuza vizuri sana.

Sijauza kitu.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani nimekaa nyuma ili mtu asinigeukie. Neema amelia wakati wa mahubiri, nikashukuru kupata sababu ya kutoka nje.

Baada ya chakula Mayunga ameuliza lile swali lake. Alizaliwa safari ya wapi? Jina lake ni la mtoto wa safarini, anajua, na analipenda swali hili kuliko hadithi yoyote. Huwa namjibu: safari ya kwenda kwa bibi Kigwa, kwa treni, uchungu ulishika njiani, tukashushwa Urambo. Yote kweli. Ila tumbo halikuwa langu. Mimi nilikuwa nimeshika kikapu.

Leo nilipomaliza alisema, "Sele anasema wewe siyo uliyenizaa kwenye hiyo safari."

Nimemwambia ale wali wake. Alikuwa ameshamaliza. Nimeionea haya sauti yangu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda ofisini nimejaa maneno. Nilikuwa nayafanyia mazoezi njia nzima, mpaka mwendesha bodaboda akauliza, "Mama, unaongea na mimi?"

Getini, kitabu kile kile. Mbele yangu mwanaume anaandika. Alipomaliza nikasogea. Kabla sijashika kalamu nilikuwa nimeshamsoma. Mke ameondoka na watoto, anaomba apatanishwe. Jina lake. Kijiji chake, Ziba. Simu yake. Nimesoma yote bila kutaka, kama mtu anavyosoma maandishi ukutani. Halafu nikakumbuka mstari wangu.

Nimefunua nyuma mpaka Jumatatu iliyopita. Mstari wangu huu hapa, mwandiko wangu mzuri wa shule, kila neno linasomeka. Na chini ya wangu, kwa herufi kubwa kubwa, Mama Sele. *Mume hatoi matumizi tangu aoe mwingine. Naomba aitwe.*

Mama Sele! Anayetuhadithia kila asubuhi mume wake yuko Dar na anavyomkumbuka.

Kwa hiyo hakuna mtu aliyefungua kabati. Dada yule nilimchukia bure. Ameniletea faili langu, ndani ya jalada kuna karatasi, kila anayelitoa anasaini. Sahihi ni yake peke yake. Nikamweleza habari ya kitabu. Akasema, "Kile ni cha mlinzi." Nikamuuliza, "Cha mlinzi au cha serikali?"

Nikaomba ukurasa uchanwe. Akasema nyaraka za serikali hazichanwi, akichana yeye kesho mwingine atachana za mtu mwingine. Nikaona ana haki, na nikakasirika kwa sababu ana haki. Akasema siku hizi kuna sheria ya kulinda taarifa za watu, na wao wamefundishwa: mafaili, kompyuta, nywila. Kitabu cha getini hakuna aliyekifikiria. Kipo tangu yeye hajaajiriwa.

"Andika malalamiko," akasema. Nimeandika pale pale, Neema anavuta kalamu. Nimeandika hivi: mnafunga siri kabatini baada ya kuianika mlangoni. Sikuongeza mengi. Nikasaini.

Jumanne, 11 Machi

Bombani tena. Mama Sele anasimulia, mume kapiga simu jana, kasema atakuja na kitanda kipya. Wanawake wanaitikia. Akanigeukia, "Na wewe, mama mlezi, habari za nyumbani?"

Nilikuwa na neno. Limekaa ulimini linawasha kama pilipili. Neno moja tu na bomba zima lingegeuka kumtazama yeye. Niliona hata uso wake utakavyokuwa.

Nimenyamaza. Si kwamba mimi ni mwema. Sele alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika kidumu kwa mikono miwili, anamsikiliza mama yake anavyosema kitanda, na anaamini.

Nimerudi nyumbani nimefua hata nguo zilizokuwa safi.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kwa Mama Sele. Nimemkuta anachambua mchele. Nikamwambia bila kukaa: kitabu cha getini nimekiona, mstari wako uko chini ya wangu.

Ungo ukatulia. "Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

Aliuweka ungo chini. Halafu akasema hakukusudia, alikuwa anaandika tu, jicho likaenda. Nikamwambia hata langu lilikwenda. Akaanza kumlaumu mlinzi, mara kitabu, mara serikali yote, kisha akalia. Nilitaka kumshika bega. Sikumshika. Nilikuwa bado na hasira, na sitaki kujidanganya humu.

Nilipofika mlangoni akasema, "Shoga, nisamehe." Nikasema mwambie Sele aache. Akasema Sele ameshawaambia wenzake darasani.

Basi. Jumamosi tunakwenda Kigwa. Nilikuwa najipangia darasa la tatu.

Jumamosi, 15 Machi

Kigwa. Tumekuja kwa treni, mimi, Mayunga, na Neema aliyelala mapajani kama gunia la karanga. Mayunga amekaa dirishani. Amehesabu ng'ombe mpaka akachoka.

Mama katupokea kwa salamu ya kwetu, "Mwangaluka," akamtazama Mayunga, akanitazama mimi, akajua. Alimchukua Neema, akanipa fagio.

Dada yuko nyuma ya nyumba, karibu na shamba la mihogo. Tumefagia wote wawili. Mayunga anajua ni kaburi la mama mkubwa Kabula, amelifagia miaka yote. Nikamwambia. Sikuzunguka. Nikasema: huyu ndiye alikuzaa, Urambo, ile safari. Jina alikupa yeye. Mimi nilikuwa nimeshika kikapu. Alipougua akakuweka mikononi mwangu, na mimi sijakuweka chini mpaka leo.

Aliendelea kufagia pale pale palipokuwa pameshafagiliwa.

"Alikuwa ananichapa?"

"Hakuwahi."

"Wewe unanichapa."

"Mimi ndiye niliyebaki."

Akafikiri. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea, na bado kinanichoma. "Kwa nini Sele alijua kabla yangu?"

Nikasema kwa sababu nilichelewa. Na kwa sababu niliandika jambo lako mahali palipokuwa wazi, watu wakasoma. Akasema, "Lakini ni langu." Nikasema ndiyo. Ni lako.

Jumapili, 16 Machi

Tumerudi. Tangu jana mchana hajaniita. Hasemi mama, hasemi kitu. Akitaka maji anasimama karibu na mtungi mpaka nimwone. Hana kiburi. Hana neno tu la kutumia.

Sitamlazimisha. Nimempikia maandazi. Amekula manne.

Jumatatu, 17 Machi

Hajaniita. Kifua kilibana kidogo alfajiri, nikamkalisha, nikamsugua mgongo, vuta taratibu, vuta. Akaniegemea. Ilipotulia akajitoa.

Barua bado haijatoka.

Jumanne, 18 Machi

Mchana, gengeni. Mayunga ametoka shule, ananisaidia kupanga nyanya mafungu. Watoto wakapita, Sele hakuwemo. Mmoja akapiga kelele: "Wa kulea! Wa kulea!"

Nilishainuka. Nilikuwa napika pembeni, mwiko mkononi.

Mayunga hakuinua hata kichwa. "Najua," akasema. "Aliyenizaa yuko Kigwa. Jumamosi nimemfagilia." Akaweka nyanya ya mwisho juu ya fungu. "Wewe wa kwako umemfagilia lini?"

Yule mtoto akawavuta wenzake. Wakaondoka wakipigana makofi ya mgongo kama hakuna kilichotokea.

Halafu kaja mteja, akanunua vitunguu, akatoa noti. Mayunga akanigeukia. "Mama, chenji ya huyu."

Niliinama kwenye kopo la chenji muda mrefu. Mteja akasema, kama haipo nitapitia kesho. Nikamwambia subiri, ipo.

Jumamosi, 22 Machi

Mama Sele kaleta bakuli la mchele, umechambuliwa. Hatukuzungumza mengi. Kasema mume ameitwa ofisini, hajatokea. Kasema bombani hatasimulia tena habari ya kitanda. Nimemrudishia bakuli na nyanya ndani, nzima, si zile za chini.

Ijumaa, 28 Machi

Nimepigiwa simu, barua tayari. Nimekwenda asubuhi, mvua imekatika, barabara inanuka vumbi lililolowa. Neema ametoa jino.

Getini mlinzi yule yule. Kitabu kile kile. Ila juu ya ukurasa pamelazwa gamba la boksi la sabuni, katikati limekatwa tundu refu jembamba, upana wa mstari mmoja. Mgeni akimaliza, mlinzi analishusha mstari mmoja. Nikamuuliza nani kalikata. "Mimi," akasema, "kwa kisu cha nyumbani. Afisa kaniletea boksi." Kurasa za nyuma zimebanwa na mpira. Anayetaka kufunua aombe ndani.

"Na sababu?" nikauliza.

"Andika huduma. Mengine utayasema huko, mlango ukifungwa."

Nimeandika jina langu. Nimeandika huduma. Jicho likapanda juu, mazoea, likakuta maandishi ya sabuni. Kuna mtu alinitangulia asubuhi hii, na wino wake ulikuwa bado unang'aa pembeni ya tundu, nukta moja tu. Sikujua ni nani wala nini kimemleta.

Mlinzi akashusha boksi juu ya mstari wangu. Nikaingia.