Koleo Yetu Ndani ya Kibuyu cha Mama Chebet

Ndugu yangu Njoroge, fundi wa vyuma,

Huku Merigi mvua inafika saa nane kila siku kama mtu aliyeandikwa kazi, na majani ya chai yanang'aa mpaka kando ya barabara. Usiniulize kama ninakula. Nimenenepa.

Ile koleo ndefu tuliyotengeneza, ya huu upasuaji mpya wa tundu dogo tumboni, daktari wa hospitali ya hapa aliishika dakika tano akasema inachosha mkono, nirudi nayo kwenye karakana yetu Nakuru. Nikaenda kukaa jikoni kwa mwenyeji wangu, Mama Chebet, nimenuna. Alikuwa anaosha kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya mgando. Kijiti chenye brashi kiliingia kwa ule mdomo mwembamba, ndani haoni kitu, na bado anasugua kila pembe huku tukiongea. Nikamuuliza kama hachoki.

"Nichoke na nini? Mdomo wa kibuyu ndio unabeba kijiti. Mimi nageuza tu na vidole."

Nikampa koleo. Akaiingiza kibuyuni, akaizungusha, akanitazama kwa huruma.

"Huu mpini ni wa kupasua kuni."

Jana fundi wa baiskeli sokoni aliufupisha mpini akaupinda ukae kwa vidole. Leo daktari ametoa punje za mahindi ndani ya kibuyu, moja moja, saa nzima, bila kulalamika. Anataka tatu zaidi.

Wasalimie watoto, na umwambie mama nakuja na mursik. Wewe tengeneza nne. Hii ya kwanza Mama Chebet amekataa kuirudisha.

Nduguyo, Kamau