Tairi la nyuma kulia

Jumanne

Kwa nini tairi la nyuma kulia halipati pancha? Matairi mengine matatu ya hii pikapu ya marehemu baba yananitesa kila wiki, na msumari hauonekani.

Leo Kariakoo nimemwambia fundi alifungue. Akanitazama. "Dada, tairi zima unalifungulia nini?" Nikamwambia nataka kujua tu.

Kwenye yale mabovu alishanionyesha: rimu zimeota kutu, na kutu ndiyo inayosugua tyubu mpaka inatoboka. Hili rimu yake imezungushiwa mkanda wa plastiki, kutu haigusi tyubu kabisa. Ujanja wa baba huo.

Nikaufuta vumbi. Maua ya zambarau.

Ni kitambaa cha plastiki cha meza ya mama, kile kilichopotea siku mama mdogo alipokuja kututembelea. Mama alimwita mwizi mbele ya watu. Mpaka leo hawasalimiani. Na baba siku ile alikuwa palepale, anakunywa chai, kimya.

Nimekata kipande kidogo cha pembeni, kiko hapa mezani. Nimpelekee mama? Au nianze kwa mama mdogo, Buguruni?

Mama bado anajisifu kwamba mumewe hakuwahi kumficha kitu.