Kopo la Kifungo Cheusi

Jumatatu, 3 Machi

Vidole vimegoma tena. Sindano imeniponyoka, nimeitukana kama mtu. Hiki kidonge! Daktari alinieleza: hedhi ilikatika zamani, lakini mwili bado unapika homoni kidogo kidogo, na homoni ndiyo chakula cha saratani yangu. Kidonge kinazima jiko. Sawa, jiko limezimwa — na viungo vimeshika kutu. Titi la kushoto walishalikata. Sasa mikono. Na mimi ni mshonaji.

Malkia, mdogo wangu, amehamia hapa kuniuguza. Kuniuguza! Anaamka jua limeshapanda, anajipodoa, anameza vidonge vyake vya homoni. Yeye vya kuongeza, mimi vya kuzuia. Tumbo moja lilituzaa. Anasema hataki kuchakaa kabla Mwalimu hajatamka neno. Huyo Mwalimu ni mstaafu, mjane, analeta suruali zisizohitaji kupunguzwa.

Jumapili, 9 Machi

Malkia kashika makopo yangu na mikono imejaa losheni. Nyumba hii kitu hakikai kwenye boksi lake, hilo analijua tangu utotoni. Pini, vifungo, vidonge — vyote kwenye makopo ya aina moja, na kila mfuniko nimeugundisha kifungo cha kutambulisha. Kifungo cheusi, dawa yangu, ile ya miezi sita waliyonipa kwa mkupuo. Kifungo cha waridi, yake.

Nimemwaga vyote, nimeosha makopo na mifuniko kwa hasira, nimerudisha. Wakati wote huo mdomo ulikuwa kazini. Nilimwambia hata akijipaka rangi ya nyumba, Mwalimu ataona nyufa. Akalia. Nikalala vizuri.

Alhamisi, 17 Aprili

Vidole vinafunguka! Nimetunga uzi bila kuomba msaada. Joto lile la kupanda kifuani mpaka usoni — limekwisha. Mwili umeizoea dawa, bila shaka. Daktari alisema wengine huzoea.

Malkia ndiye kanuna. Anajipepea na sahani. Magoti yanamlilia akiinuka. Nikamwambia karibu kwenye uzee, viti vipo.

Jumanne, 20 Mei

Mwalimu alikuja, suruali ileile. Macho hayakwenda kwa Malkia hata kidogo. Akasema ngozi yangu inang'aa. Mimi! Mwenye titi moja na sponji upande wa pili! Nilicheka mpaka nikashika meza.

Malkia alikuwa mlangoni na chai. Kikombe kilimtoka mkononi, kikavunjika. Vidole hivyo. Nilimwambia mbele ya Mwalimu aache kushika vyombo vya watu kama ameshakuwa ajuza. Mwalimu alitazama chini. Nilijisikia vizuri sana, sifichi.

Ijumaa, 13 Juni

Damu. Kidogo, kwenye nguo ya ndani. Na titi lililobaki limejaa, linauma kama la msichana. Umri wangu huu!

Wazo la kwanza lilikuwa la kijinga: ujana umerudi. La pili lilinikalisha kitandani.

Jumatano, 18 Juni

Daktari hakupenda. Kasema kipimo kinaonyesha homoni zimepanda, kama mtu asiyemeza dawa kabisa. Akauliza kama natumia homoni nyingine. Niliapa. Nilikasirika hata! Akapapasa kwapani, akatulia mahali pamoja, akarudi palepale. Kinundu. Wamechukua kipande, majibu wiki ijayo. Akanisisitiza nisikose kidonge hata siku moja.

Nimerudi, nimefungua kopo la kifungo cheusi. Vyangu vina mstari katikati, mfamasia alinionyesha siku ya kwanza. Hivi havina mstari. Nimefungua la waridi. Mistari mitupu.

Mifuniko. Siku ile ya kuosha niliibadilisha, mimi mwenyewe, nikimtukana.

Kwa hiyo nimekula homoni zake tangu Machi. Nimeilisha saratani kwa mkono wangu, kila asubuhi, na maji ya uvuguvugu. Na yeye amemeza kutu yangu.

Nilitaka kumwita. Alikuwa uani anajaribu kukamua kitambaa cha deki, kinamshinda. Sikumwita.

Jumamosi, 21 Juni

Sijarudisha mifuniko. Juzi nilisema kesho. Jana nikasema tena kesho.

Mwalimu kapiga simu: anakuja jioni, ana neno zito, na tuwepo wote wawili. Hakusema neno ni la nani. Nimeshona gauni jipya kwa vidole hivi hivi, mishono midogo kuliko ya mashine. Nikirudisha mifuniko, Malkia atang'aa tena na mimi nitarudi kuomba mtu anifunge zipu. Na majibu hayajatoka. Huenda kinundu ni mafuta tu. Siku moja itaharibu nini ambacho miezi haijaharibu?

Naogopa. Naandika ili mkono utulie, na ona — umetulia, mwandiko mzuri kabisa.

Malkia ameingia sasa hivi, kalikumbatia kopo lake kifuani. Hakulala kwa maumivu. Hajapaka hata poda. Anasema nikae na Mwalimu peke yangu, yeye haoni sababu ya kujitokeza alivyo. Kisha akaninyooshea kopo.

"Dada, nifungulie. Vidole havina nguvu."

Nilikuwa na kalamu mkono huu, na kidonge changu kisicho na mstari kiko mezani, hapa, kando ya daftari. Ningeweza kumpa hicho.

Nimemfungulia. Nimemhesabia kimoja, chenye mstari, nikamwekea kiganjani.

"Mungu akuweke, dada," amesema, akameza.

Hodi inapigwa. Maji yamebaki nusu glasi. Yananitosha.